Ametokea Mbele Yangu

Mshonaji alikuwa anapitisha lastiki kwenye kiuno cha sketi ya shule, amebana pini kwa midomo, mteja wake alipomwambia kwamba marehemu mumewe yuko kwa wakili.

"Wakili yupi?" aliuliza kwa pembe ya mdomo.

"Yule wa ghorofani, juu ya duka la viatu. Nilikwenda kuapa kwamba nimepoteza kitambulisho, nikamkuta mzee wako amekaa kwenye kiti cha wateja. Nikamsalimia, akaitikia. Viatu vyake vina udongo, ila mzima. Mzima kwa hali yake, namaanisha."

Mshonaji alimaliza kile kiuno, akakata uzi, akamkabidhi mteja sketi yake. Kisha akaifunika cherehani, akakaa kidogo na mikono mapajani. Hakushangaa. Kilichompanda kilikuwa hasira tupu. Mume umemlilia mpaka sauti imekauka, umemzika, umegawa nguo zake, halafu anapata nafasi ya kurudi na mahali pa kwanza anapokwenda ni kwa wakili! Nyumbani hata hodi hakupiga. Akajifunga mtandio, akafunga mlango kwa kishindo na kushika njia.

Marehemu alikuwa fundi rangi. Nyumba waliyoishi aliijenga mwenyewe, chumba kimoja kimoja, kwa matofali aliyoyanunua kila alipomaliza kupaka nyumba za wenzake. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani, na dirisha lake alilipanua ili mkewe ashone kwa mwanga wa kutosha. Hawakujaliwa watoto. Ndugu wa marehemu alikuwa mmoja tu, mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Mdogo ingawa kipara kilikuwa kimeshafika utosini. Bwana Mdogo alikuwa mtu wa maneno laini. Hata alipokukanyaga mguu ulijikuta wewe ndiye unayeomba radhi.

Viti vya kukodi vya msibani vilikuwa havijarudishwa vyote Bwana Mdogo alipokuja, akanywa chai, akaomba tena sukari, kisha akasema, "Shemeji, wala usiwe na haraka, lakini ukishatulia utafute pa kukaa. Kaka aliniuzia hii nyumba." Akautoa mkataba wa mauziano mfukoni. Chini kulikuwa na jina la marehemu, na sahihi iliyopinda kama imeandikwa na mtu aliyepanda baiskeli. Chini zaidi kulikuwa na muhuri mwekundu wa wakili na maneno yaliyochapwa vizuri: *Umesainiwa na muuzaji, ambaye ametokea mbele yangu mwenyewe leo hii, na kutambulishwa kwangu na mdogo wake ninayemfahamu.*

Mshonaji alisoma tarehe, akairudia. Ilikuwa ni siku iliyofuata mazishi.

"Siku hii kaka yako alikuwa kaburini," alisema.

"Tarehe ni mambo ya wakili, shemeji," Bwana Mdogo alijibu, na akamaliza chai yake.

Ofisi ya wakili ilikuwa na chumba cha nje cha karani, benchi la kusubiria, na mlango wa kioo ulioandikwa WAKILI, MTHIBITISHAJI WA HATI NA KAMISHNA WA VIAPO. Karani, mwanamke mwenye miwani na koti la kufuma, alikuwa anafagia udongo mkavu uliotoka benchini mpaka mlangoni.

"Wewe ndiye mke wa huyu?" aliuliza. "Afadhali umekuja. Nimechoka kufagia."

Kupitia kioo, mshonaji akakiona kisogo cha mumewe. Hakuhitaji kuambiwa. Alikinyoa kisogo kile kwa mkono wake miaka na miaka, na alama ya rangi ya kijani nyuma ya sikio, ambayo haikutoka hata alipooshwa mara ya mwisho, ilikuwa pale pale. Marehemu alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha wateja, mikono magotini, anamtazama wakili. Wakili naye alikuwa anajitahidi kumtazama mtu mwingine yeyote.

Mshonaji aliingia bila kubisha.

"Mume wangu," alisema.

"Abee," marehemu aliitikia, ila hakugeuka. Alikuwa na mzaha wa kumwitikia mkewe hivyo tangu walipooana.

"Mbona hukuja nyumbani?"

"Nimeandikwa hapa."

"Basi geuka nikuone."

"Siwezi. Imeandikwa mbele ya huyu."

Mshonaji akajaribu kuzunguka meza ili aupate uso. Marehemu hakuondoka kwenye kiti, lakini mshonaji kila alipofika ubavuni, kisogo kilikuwa kimeshahamia upande ule, na uso ulikuwa umebaki kwa wakili. Alizunguka meza mara kadhaa. Wakili akainua miguu kumpisha. Mwishowe akachoka, akasimama nyuma ya kiti na kumweka mumewe mkono begani. Bega lilikuwa la baridi, na lilinuka tapentaini kama zamani.

"Mama, karibu ukae," wakili alisema.

"Sikai. Nieleze."

Wakili alikuwa mtu wa makamo, mnene wa wastani, aliyeanza kupungua. Alieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujieleza kwa wengi. Bwana Mdogo alikuja na mkataba umeshasainiwa. Akasema kaka yake yuko chini kwenye gari, mguu unamsumbua, ngazi hizi hataziweza. Wakili akachungulia dirishani. Gari lilikuwepo. Ndani ya gari kulikuwa na mtu, au koti limetundikwa. Chai ilikuwa imeshaletwa na andazi linapoa, na Bwana Mdogo ni mtu wanayefahamiana tangu zamani, mcheshi, anayejua kuuliza habari za nyumbani. Akagonga muhuri.

"Na tangu wakati huo huyu anatokea," wakili alisema. "Kila siku. Nikija, yuko. Nikienda kwa kinyozi, anakaa ndani ya kioo. Nyumbani anakaa ng'ambo ya meza, mke wangu amehamia chumba cha watoto. Namuuliza unataka nini, anasema, hakuna, nimeandikwa tu."

"Na kazi hii inatakiwa ifanywe vipi?"

Wakili alijua. Mtihani alifaulu vizuri, cheti kilikuwa ukutani. Akazitaja hatua moja baada ya nyingine kama mtu anayesoma dua ya kuomba radhi: mwenye sahihi afike kwa miguu yake, si kwa salamu, aonyeshe kitambulisho, na uso ulinganishwe na picha, asome hati au asomewe, aulizwe kama ameielewa, aulizwe akiwa peke yake, watu wake wote wametoka, kama ni hiari yake, asaini ukimwangalia mkono, ndipo uandike kwamba ametokea, ndipo utie tarehe ya leo, ya leo hasa, ndipo ugonge.

"Yote hayo unayajua," mshonaji alisema.

"Nayajua."

"Na huyu ndiye wa kwanza uliyemgongea bila kumwona?"

Wakili akashusha macho, yakakutana na ya marehemu, akayapandisha haraka. "Wengine wapo hai," alisema. "Walio hai wana shughuli zao. Marehemu ana nafasi."

Mshonaji alimwambia aandike sasa hivi kwamba alikosea, kwamba hakuna aliyetokea mbele yake. Wakili akatikisa kichwa. Akiandika hivyo atamwaga unga, alisema, na kufungwa atafungwa. Isitoshe, si kweli tena. Ametokea. Mwangalie, si huyo hapo?

Mshonaji alikwenda ofisi ya ardhi na cheti cha kifo ndani ya bahasha ya plastiki. Afisa wa ardhi alikuwa mpole. Aliweka cheti upande mmoja na nakala ya mkataba upande wa pili, akavuta kiti, akavisoma vyote mpaka mwisho.

"Cheti kinasema alikufa," alisema. "Mkataba unasema alitokea. Sioni panapogombana. Mimi mwenyewe jana nilipeleka hati kwa wakili yule, nikamkuta. Tulizungumza kuhusu rangi ya mafuta."

"Lakini hakuuza!"

"Alikwambia hivyo?"

"Hata sijamuuliza."

"Basi muulize, mama. Lakini ujue, marehemu haapi. Maneno yake hatuwezi kuyapokea. Tunaweza kupokea tu kwamba alikuwepo."

Mshonaji aliondoka bila kuaga. Njiani alitukana kwa sauti, na watu wakampisha. Alimtukana Bwana Mdogo kwanza, kisha wakili, kisha andazi la wakili, kisha mumewe ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kukaa alipoambiwa akae. Alipofika kwa wakili, alipita kwa karani moja kwa moja.

"Uliuza nyumba?" alikiuliza kile kisogo.

"Nyumba gani?"

"Yetu."

"Nani auze nyumba yetu?" marehemu alisema, akimtazama wakili. "Vipi, jikoni bado panavuja?"

Wakili alisikia kila neno, akajifanya anatafuta kalamu.

Tangu hapo mshonaji alihamishia kazi yake ndogondogo kwa wakili. Alikaa nyuma ya kiti cha marehemu na bakuli la vifungo, akashona, akamsimulia kisogo habari za mtaani. Marehemu aliitikia, akacheka pa kucheka, akauliza kama fulani ameshalipaka geti lake. Ilikuwa kama kuzungumza na mtu aliyeko chumba cha pili. Alichokitaka mshonaji ni uso. Aligundua kwamba ameanza kuusahau. Pua aliikumbuka, na pengo la jino, lakini namna vitu vile vilivyokaa pamoja ilikuwa inamponyoka, na picha waliyokuwa nayo ilipigwa harusini, ambako marehemu alikuwa amefumba macho. Wateja walimsalimia kwa heshima na kutia sahihi zao. Mbele ya marehemu wakili alikuwa mwangalifu ajabu, akidai kitambulisho hata kwa jirani yake wa ukuta mmoja.

Bwana Mdogo alihamia asubuhi moja. Alikuja na vitanda, mke na kabati la vyombo, akawasimamia wapagazi kwa upole na kuwahimiza wasikwaruze ukuta. Cherehani aliitoa mwenyewe barazani, akaifuta vumbi.

"Shemeji, nimekuangalizia, haijapata hata mkwaruzo," alisema.

"Kaka yako anakaa kwa wakili kwa ajili yako," mshonaji alimwambia. "Umewahi hata kwenda kumsalimia?"

"Kazi zimenibana, shemeji. Mwambie namsalimu."

Mshonaji alimtazama vile anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata. Alimchukia. Alimchukia mpaka meno yakamuuma, akaona haya kidogo, kisha haya zikaondoka na chuki ikabaki. Alipanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, ambako unga mwembamba ulitua juu ya kila kitu alichokishona, na kila mteja aliondoka na nguo inayohitaji kukung'utwa.

Haukupita muda wakili akamtuma karani amwite. Amefikiri, alisema karani, na anayo njia.

Mshonaji aliijua ile njia kabla hajaambiwa, maana mtu anayetaka kitu kimoja tu hukiona kila anapogeuka. Alinunua kiti cha pili, cha mti, akakiweka ng'ambo ya cherehani, kikitazamana na chake. Alikikalia kidogo kukijaribu. Alifua shuka. Akavaa gauni lake la bluu, akachukua kitambulisho cha marehemu alichokuwa amekihifadhi ndani ya kibweta cha vifungo, akaenda.

Nje ya duka la viatu lilikuwa limeegeshwa gari la Bwana Mdogo. Juu ya gari, imefungwa kwa kamba, ilikuwepo ngazi ya marehemu, ile ya mbao, yenye matone ya rangi ya kila nyumba ya mtaa ule. Bwana Mdogo alikuwa anazungumza na mtu mwenye kofia, wanashikana mikono.

"Shemeji! Umependeza leo," Bwana Mdogo alisema. "Nimempata mtu wa kuichukua hii ngazi. Inajaza nafasi tu."

Mshonaji alipanda juu.

Wakili alikuwa amekonda, kola ya shati inamcheza shingoni. Alimkaribisha, na safari hii mshonaji alikaa.

"Mauziano siwezi kuyagusa," wakili alianza. "Yale ni ya wenyewe. Lakini maneno ya chini, yaliyo juu ya muhuri, ni yangu, na kosa la kwangu naruhusiwa kulisahihisha. Nimesoma sana, mama. Naweza kutoa hati ya marekebisho. Niliandika alitokea mbele yangu. Nitaandika alitokea mbele ya mtu mwingine. Muhuri ni ule ule. Yeye atakwenda atakakoandikwa."

"Na nyumba?"

"Nyumba haiguswi."

"Na likiharibika jambo?"

"Ofisi iko wazi kila siku ya kazi. Utakuja, tutasahihisha tena." Akatoa karatasi safi, akaitia kwenye mashine ya chapa. "Sasa nitajie. Niandike ametokea mbele ya nani?"

Aliuliza kwa adabu tu. Vidole vyake vilikuwa tayari vimekwenda kwenye herufi za jina la mshonaji. Hata kisogo cha marehemu kilikuwa kimeinama kidogo upande mmoja, kama alivyokuwa akikiinamisha zamani akisubiri aambiwe chakula kiko tayari.

Mshonaji alifungua mdomo kusema neno alilokuja nalo. Dirisha lilikuwa wazi. Chini mtaani Bwana Mdogo alicheka, kicheko kizuri, cha mtu ambaye chakula kinashuka na usingizi unakuja. Mshonaji aliwaza kile kicheko kikiendelea mwaka huu, na mwaka ujao, ndani ya chumba chenye dirisha lililopanuliwa.

"Mbele ya mdogo wake," alisema.

Wakili alisimamisha vidole. "Mama, una hakika?"

"Mchana na usiku. Akila, akioga, akilala na mkewe. Andika."

"Siandiki saa. Naandika mbele ya nani tu. Hayo mengine yatakuja yenyewe."

Kisha wakili akaifanya kazi yake, na aliifanya sawasawa. Alichapa hati, akaisoma kwa sauti toka mwanzo mpaka mwisho, pole pole. Alipokea kitambulisho, akakisogeza karibu na uso wa marehemu, akalinganisha pua na pua, macho na macho. Uso umepungua kidogo, alisema, lakini ndiye. Akamuuliza marehemu kama ameielewa hati. Marehemu akasema ameielewa. Akamwomba arudie kwa maneno yake mwenyewe.

"Nitoke hapa," marehemu alisema, "nikakae mbele ya mdogo wangu."

"Vizuri. Sasa mama, naomba utoke nje."

"Nitoke kwa nini?"

"Lazima nimuulize kama ni hiari yake, na lazima awe peke yake. Asije akawa ameshinikizwa na mtu wa nyumbani."

"Mimi ndiye nimshinikize mume wangu?"

"Utaratibu, mama."

Mshonaji alitoka. Karani akafunga mlango wa kioo na kuteremsha pazia. Mshonaji alisimama kando ya benchi asikae, sikio likiwa karibu na mlango kadiri heshima ilivyoruhusu, kisha karibu zaidi. Alisikia sauti ya wakili ikiuliza. Halafu kimya, kirefu, kile kimya ambacho marehemu alikuwa nacho alipotakiwa kuchagua kati ya anachokitaka yeye na anachokitaka mkewe. Halafu sauti ya mumewe, chini chini, maneno machache ambayo hakuyapata. Wakili akauliza tena. Maneno machache tena. Kisha kalamu juu ya karatasi. Kisha muhuri.

Pazia lilipofunguliwa, hati ilikuwa mezani. Sahihi ya marehemu ilikuwa imetulia, imenyooka, ina mkia mrefu wa fundi aliyezoea brashi. Haikufanana hata kidogo na ile ya kwenye mkataba. Wakili aliiona, mshonaji aliiona, na wakili akaigeuza hati kifudifudi.

"Alikubali?" mshonaji aliuliza.

"Muhuri umegongwa."

"Nimekuuliza alisema nini."

"Hayo ni ya mteja wangu, mama. Siwezi kuyatoa."

Mshonaji alitamani kumtia mkasi. Mtu huyu, aliyemuuzia nyumba yake kwa ajili ya andazi, leo ndiyo amejua siri za wateja! Alimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo na mengine makali zaidi, na wakili akainamisha kichwa kukubali, lakini hakusema.

Marehemu alikuwa amesimama. Alikuwa ameshageukia mtaani, kule kicheko kilikokuwa kinatokea. Akatoka mlangoni, akashuka ngazi akiwa ameshika ukuta. Mshonaji akamfuata mpaka kidato cha juu cha ngazi na kumwita. Marehemu aliitikia "Abee," akaendelea kushuka, na barabarani gari lilipoondoka na ngazi yake juu, alikuwa amekaa mahali fulani mbele ya dereva, pale ambapo dereva angelazimika kumwona.

Mwanzoni habari zilikuwa tamu. Bwana Mdogo aligonga nguzo ya umeme siku ile ile. Bwana Mdogo hali, chakula kinarudi. Bwana Mdogo amehamisha meza, amegeuza kitanda, analala amefunika uso kwa taulo, na akiondoa taulo kaka yake yupo, hana ugomvi, hasemi neno, anamtazama tu. Mtu mwenye kofia alirudisha ngazi bila kuambiwa. Mshonaji alisikiliza habari hizi kwa wateja wake, akaomba wazirudie, na siku hizo alishona vizuri kuliko wakati wowote. Alitembea mtaani kichwa juu. Usoni alinawiri, watu wakamwambia.

Wakili naye alinenepa. Mkewe alirudi chumbani, chai ikawa inafika kwa wakati. Mara kwa mara mtu alikuja na hati iliyokwisha sainiwa na kusema mwenyewe yuko chini kwenye gari. Wakili alichungulia dirishani, na baada ya kuona kwamba aliyemo garini anapumua, aligonga.

Kisha habari zikaanza kupoa. Bwana Mdogo anakula. Bwana Mdogo amenunua kiti cha starehe kwa ajili ya kaka yake, maana kumwona amechuchumaa kulimkera. Bwana Mdogo anamwomba ushauri wa rangi ya sebule na marehemu anamshauri, hawezi kujizuia, ufundi ni ufundi. Nyumba imepakwa upya nje na ndani. Imependeza. Wapita njia wanasimama.

Mke wa Bwana Mdogo alikuja mwenyewe kwenye chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga, na gauni la kupunguzwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye kiti cha mti bila kuambiwa, kwa kuwa ndicho pekee kilichokuwa tupu, akafuta unga kwenye mkono wake.

"Amezoea, dada," alisema. "Sote tumezoea. Asubuhi namtilia na yeye chai, hanywi, lakini namtilia. Mume wangu anasema nyumba ingekuwa baridi bila yeye."

Mshonaji alikuwa anaweka alama kwenye pindo la gauni kwa chaki. "Anamtazama bado?"

"Muda wote. Mpaka mume wangu akikosa kumwona sawasawa anamwambia, kaka, sogea kwenye mwanga."

"Na uso wake ukoje?"

Mke wa Bwana Mdogo alifikiri. "Mume wangu anasema ni wa kawaida. Wa mtu anayesubiri. Jana aliniuliza kitu."

Mkono wa mshonaji ukasimama juu ya kitambaa. "Wewe?"

"Mimi. Bila kunigeukia, unajua hawezi. Aliuliza kama umeshamaliza hasira zako. Akasema ofisi iko wazi kila siku ya kazi."

Nje, mashine ya kusaga ilizimwa ili imiminiwe mahindi mengine. Mshonaji alitazama kiti cha mti na mwanamke aliyekikalia, gauni lake zuri, viatu vyake visivyo na udongo. Alifikiri juu ya ule uso. Aliutaka sana. Kisha akafikiri juu ya Bwana Mdogo, anayekunywa chai yake kwa raha chini ya dirisha lililopanuliwa kwa ajili ya cherehani.

Alichukua uzi, akaukata kwa meno.

"Mwambie bado," alisema.